Nasaba ya ng'ombe haisomwi kwenye madoa

UKIPATA nafasi ya kukaa kwenye kibanda cha chai pale Buyenzi, hapa Bujumbura, kabla ya saa moja asubuhi, utazijua habari zote za mpakani bila kununua gazeti (mhariri anisamehe). Utajua mchele umefika bei gani Kigoma, nani amekwama Manyovu na mzigo wake, na faranga imeamkaje. Mwezi uliopita, katikati ya habari hizo, mfanyabiashara mmoja tunayefahamiana tangu kambini alinivuta pembeni akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa darasani kwa miaka yote niliyofundisha baiolojia.

"Mwalimu," aliniambia kwa sauti ya chini, "mbegu ya ng'ombe dume inaweza kukaa kwenye chupa ya chai kutoka Arusha mpaka Mabanda? Nikiijaza barafu?"

Waliomsikia walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wiki hiyohiyo mdogo wangu alikuwa amenipigia simu kutoka Mabanda akiwa na swali la ukoo mmoja na hilo, na nilikuwa bado sijampa jibu.

Kwanza nimalize suala la chupa ya chai. Haiwezekani. Mbegu hutunzwa ndani ya mrija mwembamba kuliko kalamu, na mrija huo huzamishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Barafu ya dukani ukiilinganisha na hiyo ni jiko la mkaa. Mtungi wa naitrojeni lazima uongezwe kila mara, na ukikauka hata kwa siku moja, kilichobaki ndani ya mirija hakifai kitu. Isitoshe, mbegu hubeba magonjwa kama anavyobeba ng'ombe mwenyewe, kwa hiyo kuivusha bila kibali cha mamlaka za mifugo ni kujitafutia balaa.

Hata hivyo nyuma ya swali la chupa kuna swali kubwa zaidi, na hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mbegu ya dume yupi? Nani amemchagua, na amemchagua kwa kutazama nini?

Swali hili si la wenye ranchi tu. Tangu Oktoba 2021, sheria ya mwaka 2018 inayokataza mifugo kuzurura ilipomaliza muda wake wa mpito, ng'ombe wa Burundi anatakiwa kukaa bandani na kuletewa majani. Ukiwa na ng'ombe mmoja bandani na shamba la kupimia kwa hatua, huwezi kumlisha dume ambaye kazi yake ni ya siku chache kwa mwaka. Zamani dume wa jirani alikuwa anapita malishoni na mambo yanaisha. Siku hizi unampigia simu mhimilishaji, yule ambaye kijijini wanasema kwa Kirundi anakuja gutera intanga. Kwa maana hiyo mfugaji mdogo kabisa wa kilimani leo amelazimika kuchagua dume ambaye hatamwona maishani mwake, ambaye huenda yuko Wisconsin, na huenda amekufa miaka kumi iliyopita.

Nilikuwa na umri wa miaka 12 tulipovuka mpaka mwishoni mwa 1993. Baba aliacha ng'ombe saba, wote Ankole wenye pembe ndefu. Kila mmoja alikuwa na jina, na baba aliweza kuutaja ukoo wa kila mmoja, mama yake na bibi yake, mpaka kizazi cha nne. Alijua ni ukoo gani unaozaa kila mwaka, ni upi ambao maziwa yake yanakatika mapema, na ni upi uliopona mwaka ule kupe walipoua ndama wa kilima kizima. Hakuna hata neno moja lililoandikwa. Baba alifia kambini, na kitabu hicho tukakizika pamoja naye.

Mimi nilisoma Mtabila, wilayani Kasulu, chini ya maturubai, mpaka nikamaliza sekondari. Tulijifunza njegere za Mendel kwa kuchora nyuma ya karatasi zilizotumika, kwa kuwa madaftari hayakutosha. Sikujua kwamba mwaka 2001, wakati sisi tukihesabu njegere za kijani na za njano, watu watatu, Theo Meuwissen, Ben Hayes na Mike Goddard, walichapisha kwenye jarida la kitaalamu la Genetics hesabu iliyokuja kugeuza biashara ya madume duniani kote. Nilikuja kuisoma miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani pamoja na wengine kambi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012.

Nitajaribu kuieleza hesabu hiyo kama ninavyowaeleza wanafunzi.

Shida ya kuchagua dume wa maziwa ni kwamba dume hakamuliwi. Ili ujue kama ni mzuri, njia ya zamani ilikuwa kumpandisha kwa majike mengi, kungoja mabinti zake wazaliwe, wakue, wazae na wakamuliwe, ndipo upime maziwa yao. Kufikia hapo dume ana miaka kama sita au saba. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini ilikuwa ya polepole na ya gharama kubwa, na nchi maskini hazikuimudu.

Meuwissen na wenzake walisema hivi: chukua maelfu ya ng'ombe ambao rekodi zao za maziwa zinajulikana. Soma vinasaba vyao kwenye maelfu ya sehemu. Kompyuta italinganisha na kuona ni alama zipi za vinasaba huambatana na maziwa mengi, zipi na kwato imara, zipi na kushika mimba upesi. Ukishapata jedwali hilo, ndama dume akizaliwa leo huna haja ya kungoja mabinti zake. Unang'oa nywele chache za mkia pamoja na mizizi yake, au unachukua kipande kidogo cha sikio, unasoma vinasaba, na jedwali linakupa makadirio. Kila mwalimu amewahi kufanya hesabu ya namna hiyo bila kompyuta. Ukiwa umefundisha watoto wanne wa nyumba moja, wa tano akiingia darasani unakuwa na fununu.

Mwaka 2001 hiyo ilikuwa nadharia. Karibu mwaka 2008 ikapatikana chipu ya maabara inayosoma sehemu zaidi ya 50,000 za vinasaba vya ng'ombe kwa mara moja, na mwaka 2009 ikatangazwa ramani ya vinasaba vya ng'ombe, iliyosomwa kutoka kwa jike wa Hereford wa huko Montana aitwaye Dominette. Mwaka huohuo Marekani ikaanza kutumia hesabu hizo rasmi kwa Holstein na Jersey. Matokeo yake, umri wa madume wanaozaa madume wengine, ambao zamani ulikuwa miaka kama saba, ulishuka hadi chini ya miaka mitatu.

Hapo ndipo teknolojia ya uzazi ilipounganishwa na ile ya kusoma vinasaba. Uhimilishaji wenyewe ni wa zamani, na mbegu zilianza kugandishwa kwa mafanikio baada ya Waingereza kugundua mwaka 1949 kwamba gliserini huzilinda zisife kwa baridi. Kilichoongezeka ni upande wa jike. Jike bora hudungwa homoni ili atoe mayai mengi kwa mkupuo, anahimilishwa, na siku ya saba viinitete vinaoshwa kutoka kwenye mji wa mimba na kupandikizwa kwa majike wa kawaida wanaobeba tu. Au mayai hutolewa kwa sindano na kurutubishwa maabara. Siku hizi wanaweza hata kunyofoa seli chache za kiinitete, kuzisoma vinasaba, na kuamua kama kinastahili kupandikizwa. Yaani ndama anafanyiwa mtihani wa kuingia shule kabla hajapata tumbo la kukaa. Ongeza hapo mbegu zilizochambuliwa jinsia, ambazo hutoa majike kwa kiasi cha asilimia 90, na utaelewa kwa nini wenzetu wanakwenda kasi.

Kwa wasomaji wanaoishi kwa mipaka, kiinitete kina jambo la kuvutia: kinaweza kusafiri badala ya ng'ombe. Miaka ya 1980, maabara ya utafiti wa magonjwa ya mifugo iliyokuwa Nairobi ilileta kutoka Gambia viinitete vilivyogandishwa vya ng'ombe wa N'Dama, wanaostahimili ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o, na kuvipandikiza kwa majike wa Boran wa Kenya. Boran wakazaa N'Dama. Hakuna aliyeswaga ng'ombe kutoka Afrika Magharibi hadi Mashariki.

Sasa nirudi Mabanda.

Mwaka 2019 mimi na mdogo wangu tulichanga fedha kwa muda wa miaka miwili, yeye kutokana na michikichi na mimi kutokana na mshahara wa ualimu na masomo ya jioni, tukanunua mtamba kwenye mnada mmoja wa mpakani. Alikuwa na madoa meusi na meupe, mzuri ajabu. Muuzaji alituapia kwamba ni Friesian kwa asilimia 75. Tulimwuliza karatasi, akatuonyesha madoa. "Karatasi gani tena, si unaona mwenyewe?" Mdogo wangu alimpa jina la marehemu mama yetu, jambo ambalo sikulipenda lakini nilinyamaza.

Baada ya miezi minne akavimba tezi za chini ya masikio, homa ikapanda, akaanza kuhema kama mtu anayezama. Ndigana kali. Dawa ilifika siku ambayo alikuwa hawezi tena kusimama. Mdogo wangu alinipigia simu usiku na hakusema neno, nikaelewa.

Ndigana kali inaua ng'ombe zaidi ya milioni moja kwa mwaka katika ukanda wetu huu. Huletwa na kupe, na humshambulia zaidi mgeni. Ankole aliyezaliwa hapa naye huugua, ila wengi wao huponea udogoni na kujenga kinga. Mtamba wetu huenda alikuzwa mahali pa baridi pasipo na kupe, au kwenye boma lililokuwa linaogesha kila wiki. Hatukujua alikotoka, na kwa kutojua huko tulimtoa kwao tukamleta kufia kwetu.

Kwa kweli hata hiyo asilimia 75 siiamini. Miaka ya mwanzo ya 2010 watafiti waliwapima vinasaba ng'ombe wa wafugaji wadogo nchini Kenya na Uganda, wakalinganisha na maelezo ya wenyewe kuhusu asili ya mifugo yao. Mara nyingi maelezo na vinasaba havikuelewana. Waliosema ng'ombe wao ni nusu kwa nusu walikuwa na mchanganyiko wa kila namna. Si kwamba walidanganya. Dume wa jirani alipita, mhimilishaji hakuacha risiti, ng'ombe akauzwa mara tatu, na kila mnunuzi akasoma nasaba kwenye madoa kama tulivyofanya sisi. Na jambo la pili lililoonekana katika kazi hiyo ni zito zaidi: pale ambapo chakula na matunzo ni haba, ng'ombe mwenye damu nyingi ya kigeni hakuwa na faida zaidi ya chotara wa kiasi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sikuwahi kuuona ukweli wa methali hiyo kama nilivyouona kwenye suala hili, maana ile kompyuta ya Meuwissen haifanyi lolote bila daftari. Jedwali la alama za vinasaba hutengenezwa kutokana na ng'ombe waliopimwa maziwa yao. Ikiwa waliopimwa wote ni wa Wisconsin, wanakula mahindi na soya, wamewekewa mapangaboi, hawajawahi kumwona kupe, basi jedwali linajua nani atafanya vizuri Wisconsin. Halijui lolote kuhusu banda la Mabanda mwezi wa Agosti majani yakiwa yamekauka. Dume anayeshika nafasi ya kwanza kwenye orodha yao anaweza kuwa wa arobaini kwetu, na hakuna wa kutuambia.

Habari njema ni kwamba kazi ya kujaza daftari letu imekwisha kuanza, na imeanzia kwa majirani. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao Nairobi, iliendesha mpango ulioanza kazi Tanzania na Ethiopia katikati ya miaka ya 2010 na baadaye ukafika nchi nyingine. Vijana walizunguka kwa wafugaji wadogo wa mikoa kama Arusha, Kilimanjaro, Tanga, Iringa, Njombe na Mbeya, wakavalisha ng'ombe hereni zenye namba, wakapima maziwa, wakaandika siku za kuzaa, wakachukua nywele za mkia kwa ajili ya vinasaba. Mfugaji alipata ujumbe wa simu kwa Kiswahili kuhusu ng'ombe wake. Wataalamu wa takwimu za nasaba, akiwamo Raphael Mrode ambaye kitabu chake kinasomwa na karibu kila mwanafunzi wa fani hiyo, wakaonyesha kwamba hata kwa ng'ombe chotara waliotawanyika mmoja mmoja mabandani, vinasaba vinaweza kuchukua nafasi ya ule ukoo ambao hakuna aliyeuandika. Nilipoisoma sentensi hiyo niliweka karatasi chini nikamfikiria baba.

Maana yake kwa vitendo ni kwamba dume anaweza kupangiwa nafasi kwa kutazama binti zake na jamaa zake waliokamuliwa Tanga na Mbeya, si waliokamuliwa Ulaya peke yake. Vituo vya mbegu vipo: Tanzania ina kituo chake cha taifa pale Usa River, Arusha, Kenya ina Kabete, Uganda ina Entebbe. Sisi Burundi tuna kituo cha taifa cha uhimilishaji, na ISABU, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, kwa miaka mingi iliendesha kituo cha Mahwa kule kusini, ambako Ankole walichanganywa na Sahiwal wa bara Hindi na kisha na Ayrshire. Mwaka 2007 watafiti walichapisha uchambuzi wa maziwa ya machotara hao kwa kutumia madaftari ya kituo. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba Mrundi hajui kuandika ng'ombe wake. Tulikwisha kuandika.

Kuna wanaodhani kwamba nchi iliyoendelea haikosei katika mambo haya. Mwaka 1962 alizaliwa Marekani dume wa Holstein aitwaye Pawnee Farm Arlinda Chief. Mbegu zake zilikuwa bora kiasi kwamba alipata mabinti wapatao 16,000 na wajukuu majike nusu milioni. Vinasaba vyake vilifikia karibu asilimia 14 ya vinasaba vyote vya Holstein. Lakini alibeba jeni moja mbovu ambayo haikumdhuru yeye, kwa kuwa alikuwa na nakala moja tu. Wajukuu na vitukuu wake walipopandishwa wao kwa wao bila kujua, kiinitete kilichorithi nakala mbili kilikufa tumboni. Mfugaji aliona tu kwamba mimba imetoka, akamlaumu mhimilishaji au malisho. Kwa miongo kadhaa hakuna aliyejua. Iligundulika mwaka 2011, na kwa namna ya ajabu: watafiti walitazama vinasaba vya maelfu ya ng'ombe walio hai wakaona kwamba kuna mchanganyiko mmoja ambao ulipaswa kuwapo na haupo kabisa. Waliogundulika ni wale ambao hawakuzaliwa. Baadaye ilikadiriwa kwamba mimba zaidi ya nusu milioni zilipotea duniani kwa sababu hiyo.

Teknolojia iliyolieneza kosa hilo ni uhimilishaji, na iliyoligundua ni hiyo ya kusoma vinasaba. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema tuikatae kwa kuwa ni ya Wazungu, wala na wale wanaotaka kila jike wa Ankole ahimilishwe na dume mmoja maarufu ili tupate maziwa kesho asubuhi. Ankole hutoa maziwa machache, lita mbili au tatu. Lakini ameishi nasi na kupe wetu kwa karne nyingi, na ndani yake kuna mambo ambayo hatujayasoma. Tukimfuta kabla ya kumsoma, hakuna maabara itakayomrudisha.

Tena si maneno ya kujifariji. Mwaka 2022 kikundi cha watafiti kilichapisha matokeo kuhusu ng'ombe wa Boran wa Kenya waliokuwa wakipona ndigana kali bila dawa. Walifuatilia ukoo, wakasoma vinasaba, wakafika kwenye badiliko moja dogo. Ng'ombe waliokuwa na nakala mbili za badiliko hilo walikuwa 20, na alikufa mmoja tu. Kati ya 97 ambao hawakuwa nalo kabisa, walikufa 44. Nilizisoma tarakimu hizo mara tatu, nikatoka nje nikasimama kidogo. Yule mtamba wetu alikuwa mmoja wa upande wa 44.

Fikiria sasa mambo hayo mawili yakikutana. Dume anayepimwa siku ya kuzaliwa, anayeonekana kuwa na maziwa kwa kipimo cha mabanda ya kwetu na kubeba nakala mbili za badiliko hilo, mbegu zake zikagandishwa na kupelekwa kila tarafa. Kazi hiyo haijafika kwenye mtungi wa mhimilishaji wa Mabanda, na sitamdanganya msomaji kwamba imefika. Ila hakuna hatua hata moja kati ya hizo ambayo haiwezekani.

Kwa wafanyabiashara wa mifugo, mambo yanabadilika pia. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini, serikali ilizuia kwa muda kuhamisha mifugo, na wengi wenu mlikaa na mtaji uliosimama ukila majani. Mwaka 2025 Tanzania ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Najua hereni inawachukiza baadhi yenu. Sisi tuliokaa kambini tunajua ni nini kupewa namba. Tuliibeba kadi ya mgao kwa miaka, ikatoboka ikabandikwa gundi, na siku ya kurudi ndiyo iliyothibitisha kwamba sisi ni sisi. Ng'ombe mwenye namba anaweza kuulizwa amezaliwa wapi, amechanjwa nini, mama yake alikamuliwa lita ngapi. Ng'ombe wa namna hiyo ana bei nyingine. Yule muuzaji wetu wa madoa angekuwa na daftari, huenda tungemlipa zaidi, au tusingemchukua yule mtamba kabisa, na leo angekuwa hai kwa mtu mwingine mwenye banda la baridi.

Baada ya msiba ule tulinunua jike wa Ankole mwenye rangi ya udongo mwekundu, mdogo wangu akamwita Bihogo. Kumhimilisha hakukuwa rahisi. Mara ya kwanza tulichelewa kuona joto. Mara ya pili mtu wa mbegu alifika siku iliyofuata, saa za joto zikiwa zimepita. Mara ya tatu mtungi ulikuwa mkavu, naye akatoza nauli hata hivyo. Mara ya nne mdogo wangu alikuwa amejifunza: ng'ombe akionekana asubuhi anasimama tuli akipandwa na wenzake, ahimilishwe jioni; akionekana jioni, ahimilishwe asubuhi. Akashika. Februari 2023 akazaa jike, chotara wa Jersey, mdogo, rangi ya chai ya maziwa. Kupe wanamsumbua lakini bado yupo.

Huyo ndiye aliyekuwa suala la simu ya mwezi uliopita. Amekua, ameanza kuonyesha joto, na mhimilishaji alikuwa na mirija ya aina mbili kwenye mtungi: Holstein wa picha ya rangi, kiwele kama ngoma, na Jersey mwingine ambaye hakuna picha yake.

"Kaka, mimi nataka yule wa kwenye picha," alisema mdogo wangu. "Kwa jirani yetu alizaa ndama kama gari."

"Muulize mama yake ndama alizaa salama?"

Akakaa kimya. "Walimvuta kwa kamba," akasema. "Watu wanne."

"Na huyo Jersey, ana namba?"

"Ipo kwenye mrija."

"Nisomee."

Alinisomea tarakimu moja moja, mimi nikaziandika nyuma ya daftari la maksi za kidato. Siku mbili nilihangaika na intaneti ya shule na kumsumbua rafiki yangu daktari wa mifugo mpaka tukampata. Si dume wa ajabu. Maziwa yake ni ya kawaida, mafuta ni mengi, mabinti zake wanazaa kwa wepesi. Na jambo nililokuwa nalitafuta zaidi: hakuwa yule yule aliyemzaa huyu mtamba, maana mhimilishaji yuleyule na mtungi uleule ungeweza kabisa kumrudisha baba kwa binti yake bila mtu kujua.

Nilimwambia mdogo wangu achukue Jersey. Alikubali kwa shingo upande, akasema huo ni woga wa walimu. Nikamwomba kitu kimoja, anunue daftari la kurasa 96 aandike ukurasa wa kwanza: jina la Bihogo na alikonunuliwa, namba ya dume wa kwanza, tarehe ya kuzaliwa mtamba, namba ya dume wa pili, siku na saa ya kuhimilishwa. Alinitumia picha ya ukurasa huo kwa simu. Mwandiko wake ni mbaya kama zamani. Chini kabisa, bila mimi kumwambia, ameandika majina ya ng'ombe saba wa baba. Mimi nilikuwa nawakumbuka watano.

Yule mfanyabiashara wa chupa ya chai nilimweleza haya yote. Aliniuliza kama kuna faida katika kuuza madaftari.

Ng'ombe hurudi kwenye joto baada ya siku 21 kama hakushika. Leo ni siku ya 14.